Kituo cha Nyuma ya Goli

Tuliseme mapema, tusije tukahangaika kumtafuta mwingine: siku hiyo mjinga alikuwa Rula. Yeye mwenyewe hakatai. Ukimkuta kwenye kibanda chake cha ushonaji, mguu kwenye kanyagio, pini nne mdomoni, ukamuuliza, atazitoa pini moja moja, azichomeke kwenye kola ya shati lake, kisha aseme, "Ni mimi. Usisumbue watu wengine." Halafu atazirudisha mdomoni, na hapo ujue mazungumzo yamekwisha.

Jina la Rula alipewa shuleni kwa sababu ya ufupi wake, kabla hajajua hata kutunga uzi kwenye sindano. Kaka yake, mchora mabango, alikuwa kinyume chake kabisa: alikuwa anaandika majina juu ya milango ya maduka bila kupanda ngazi. Mama yao alizoea kusema kwamba kitambaa chote kilimwishia kwa mkubwa, huyu wa pili akamkata kwenye mabaki. Watu walicheka, na Rula ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, maana ukiwa mfupi kwenye ukoo wa warefu, usipowahi kujicheka mwenyewe utachekwa bila wewe kupata mgao.

Mwaka huo kaka mtu alikuwa anapofuka. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, ikalimaliza kimyakimya, ikahamia la kulia. Aligundulika kazini. Alikuwa anaandika ubao wa duka la dawa, herufi zikawa zinashuka kama watu wanaoteremka ngazi. Mwenye duka alinyamaza kwa heshima, na wiki iliyofuata akamwita mchoraji mwingine. Sasa alibakiwa na kijitundu tu cha kuonea, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la kifungo, tena kukiwa na jua kali. Ikigonga saa kumi jioni, kwake ni usiku. Daktari naye hakuzungukazunguka: "Mzee, mwisho wa mwezi usishangae."

Wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba uwanja wa zamani wa mpira unaanza kubomolewa Jumatatu.

Kaka mtu hakuwa mtu wa kuomba. Hata dawa ya macho alikuwa anajidondoshea mwenyewe, nusu inaingia, nusu inanywesha shavu. Lakini jioni ile alimwita mdogo wake, akasema, "Nipeleke. Nikasimame pale petu, nilione goli la kusini mara moja. Basi. Mengine yaendelee."

Hakusema kwa nini, na Rula hakuuliza. Alijua. Alikuwa anajua kwa miaka thelathini na tatu.

Enzi hizo mji wao ulikuwa na treni ya mechi. Kila Jumamosi timu ikiwa nyumbani, gari moshi la mabehewa tisa liliwachukua asubuhi na kwenda kuwashusha kwenye kituo kidogo nyuma ya goli la kusini. Kituo chenyewe kilikuwa kipande cha zege tu, hakina paa, hakina kibao, kifupi kiasi kwamba mabehewa matatu ya mwisho tu ndiyo yaliyokifikia. Basi watu mia sita walijibana kwenye mabehewa matatu, wakakaliana mapajani, na yale sita ya mbele yakasafiri matupu kama yamekodiwa na mizimu. Rula alishona jezi zilizochanika njiani, na kila kona treni iliyokata ilimchoma kidole. Wakilipita tangi la maji lililo kabla tu ya kituo, wote walisimama kwa pamoja na kusukumana mlangoni, kwa sababu wa kwanza kushuka ndiye wa kwanza kushika nafasi kwenye uzio.

Shida ilikuwa kurudi. Treni ya kurudi haikumsubiri mtu, kwa hiyo dakika ya themanini na tano, hata kama kuna penalti, watu wa mji wao walinyanyuka na kuondoka. Matokeo waliyasikilizia kituoni kwa kelele zinazovuka ukuta. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuuona mwisho wa mechi. Wenzao walikuwa wanawaaga kwa kuwaimbia.

Siku ya ubingwa, dakika ya themanini na nne, watu walikuwa wameshaanza kunyanyuka na Rula haoni chochote isipokuwa migongo. Kaka mtu akamwinamia, akambeba mabegani, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili mwenye ndevu zake. Mpira ukapigwa. Rula, kwa furaha na kwa hofu ya kuanguka, alishika kitu kilichokuwa karibu naye, na kitu chenyewe kilikuwa uso wa kaka yake. Akauziba macho yote mawili kwa viganja vyake na kuung'ang'ania mpaka wachezaji walipokuwa wamelaliana kwenye kona.

"Imeingia?" kaka mtu aliuliza kutoka chini ya viganja.

"Imeingia, kaka! Imeingia!"

Ndivyo mchora mabango alivyoliona goli la maisha yake: giza, na harufu ya mafuta ya cherehani. Hakulalamika hata mara moja, na kama angelalamika, Rula angepona zamani.

Na goli lenyewe halikupata amani. Kinyozi mmoja, jirani yao, ambaye watu humwita Refa kwa sababu hawezi kuacha jambo lolote lipite bila kulitolea hukumu, alikuwa amesimama ubavuni mwa uwanja siku ile. Huyo anashikilia mpaka leo kwamba mpira haukuvuka mstari. Goli la timu yake mwenyewe! Lililompa ubingwa yeye mwenyewe! Miaka thelathini na tatu yeye na Rula wamekuwa wakibishana, kwenye harusi, kwenye misiba, mmoja akiwa na wembe mkononi na mwingine akiwa na povu kidevuni. Kaka mtu alikuwa anakaa katikati na kuwasikiliza, kama mtu anayesimuliwa mji ambao hakufika.

Basi ikapangwa waende watatu, siku ya Jumamosi. Shemeji yake Rula, mke wa kaka mtu, alikuwa anafunga chai kwenye chupa alfajiri ile alipouliza swali pekee la maana lililoulizwa wiki nzima.

"Shemeji, umeuliza kama treni inasimama pale?"

"Pale nimeshuka zaidi ya mara mia, shemeji."

"Sijauliza umeshuka mara ngapi. Nimeuliza kama umeuliza."

"Sasa na wewe! Unataka nikaulize njia ya chumbani kwangu?"

"Wapo waliopotea chumbani kwao," alisema shemeji, akakaza kifuniko cha chupa. "Mume wangu anakwenda na macho yake ya mwisho. Usije ukayachezea."

Rula alicheka. Kumbuka hicho kicheko.

Kwenye dirisha la tiketi aliinuka kwa vidole vya miguu. "Tatu za uwanjani, mwanangu."

Binti wa tiketi alitazama kompyuta yake. "Kituo gani, baba?"

"Uwanjani. Nyuma ya goli."

"Hakuna kituo hicho. Baada ya hapa katikati kuna viwili, halafu stesheni kuu."

Rula akamgeukia Refa na kumkonyeza. "Umesikia? Amezaliwa jana, kituo hakijui." Kisha akamwambia binti kwa upole wa mtu anayejua zaidi, "Tupe za stesheni kuu, mama. Hata zamani ziliandikwa hivyohivyo. Sisi tutajishusha."

Na hapa ndipo ulipokuwa ujinga wenyewe, tena si wa Rula peke yake. Ulikuwa wa mji mzima. Katika mamia ya safari zao, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda treni kwenye njia ile siku isiyokuwa na mechi. Treni waliyoijua ilisimama pale kila mara, basi waliamini treni husimama pale, sawa na mtu aliyefika nyumba fulani siku ya harusi akadhani mle ndani ngoma hulia kila siku.

Treni iliondoka saa tano na kuanza kujivuta. Walikaa behewa la tatu kutoka mwisho, kwa mazoea. Kaka mtu aliwekwa dirishani, amenyolewa vizuri na Refa, amevaa jezi ya zamani ambayo Rula aliifumua ubavuni na kuiongezea kitambaa usiku kucha ili kitambi kipate makao.

"Jua lipo?" aliuliza kila baada ya muda.

"Lipo, kaka. Jua la kuanikia magodoro."

"Naliona. Linanichoma hapa," akagusa kope ya kulia, akatabasamu. Rula alikuwa hajaliona tabasamu lile tangu ubao wa duka la dawa, na lilimlewesha. Akaanza kusimulia: bwana wa tarumbeta aliyeachwa kituoni na tarumbeta ikaenda peke yake, mabehewa matupu ya mbele, gadi aliyekuwa anawafungia mlango kwa kuwasukuma na goti. Abiria wawili watatu wakawa wanasikiliza na kucheka. Kwa saa moja hivi ilikuwa safari nzuri. Tusiinyime haki yake.

Saa tisa, treni ikiwa imechelewa sana, tangi la maji likatokea. Limetoboka, limeota majani juu, lakini ni lenyewe. Wazee watatu wakasimama kwa pamoja.

Mama mmoja mwenye kikapu akawatazama. "Wazee wangu, mnashuka wapi? Huku mbele hakuna kituo."

"Kipo, mama. Subiri tu," alisema Rula. Akamshika kaka yake mkono, akamtoa dirishani, akampeleka mlangoni na kumsimamisha uso kwa mlango, kiganja kwenye kitasa, kama zamani, ili awe wa kwanza kushuka. Mlango wenyewe ulikuwa wa chuma kuanzia chini mpaka juu. Kioo chake kilikuwa kimevunjika siku nyingi, pakazibwa kwa bati.

"Usisogee, kaka. Ukifunguka tu, liko mbele yako."

Treni haikupunguza mwendo. Ilipiga honi, ikaongeza.

Rula alimwona Refa dirishani, mdomo wazi. Akachungulia chini ya kwapa lake. Aliona uzio wa mabati mapya. Aliona mtambo wa njano umeinua mkono. Mahali pa jukwaa kuu aliona lundo la zege lenye nondo zilizochomoza kama nywele, maana watu wa kubomoa hawakuisubiri Jumatatu. Aliona pia vitu viwili vyeupe vimesimama wima upande wa kusini, halafu kichaka.

"Breki ya dharura!" Refa alipiga kelele. "Vuta mpini ule mwekundu, juu ya mlango!"

Rula aliruka. Akaruka tena. Vidole vyake vilikamata hewa. "Kaka, nyoosha mkono! Juu! Kulia! Hapana, kulia kwako!"

Kaka mtu alinyoosha mkono wake mrefu na kuanza kupapasa dari. Ukagusa taa. Ukagusa feni isiyofanya kazi. Ukagusa msumari. Ulipoufikia ule mpini mwekundu, treni ilikuwa juu ya daraja na mto uko chini yao.

"Ndio huu?" aliuliza. "Nivute?"

Kaka mtu akaushusha mkono taratibu, akajifuta vumbi kwenye jezi.

Refa, ambaye huhesabu kila kitu, alikuwa amehesabu: sekunde kumi na moja. Kwa sekunde zote hizo kumi na moja, jua likiwa kali kama lilivyoombwa, mchora mabango alikuwa ametazamishwa mlango.

"Ni wa kijani huu?" aliuliza, akiugusa.

"Ndiyo, kaka."

"Unabanduka. Hawakukwangua rangi ya zamani kabla ya kupaka mpya."

Mkagua tiketi alikuja kwa sababu ya kelele. Alikuwa mtu mzima mpole, na upole wake ndio uliomaliza kila kitu. "Pale, wazee wangu? Pale ilikuwa inasimama treni ya mechi tu, nayo ilifutwa miaka kumi na moja iliyopita. Hizi za kawaida hazijawahi kusimama."

"Hata zamani?" aliuliza Rula.

"Hata zamani, mzee."

Walifika stesheni kuu saa kumi na dakika zake. Refa alikwenda kuulizia usafiri wa kurudi nyuma mpaka uwanjani, akarudi na jibu la saa moja na nusu, foleni ikiwa na huruma. Kaka mtu alikuwa ameketi kwenye benchi, anashikilia kikombe cha chai kwa mikono miwili, na tayari alikuwa ameanza kugeuza kichwa kufuata sauti badala ya watu.

"Kaa, Refa," alisema. "Mimi giza limeshaniingilia."

"Kesho, kaka," Rula alidakia. "Kesho treni haipo, lakini nitatafuta gari, nitampigia yule mteja wangu wa suti, ana gari zuri. Tutafika saa sita mchana, jua liko utosini. Nitasimama nyuma yako kabisa, sitakugusa."

"Kesho utanipeleka nikaone nini, Rula?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kaka mtu kuhusu lundo la zege. Refa alitazama viatu vyake. Kaka mtu akanywa chai, na hakuuliza tena.

Treni ya kurudi iliondoka saa kumi na moja. Safari hii wote watatu walikaa dirishani, kaka mtu akiwa ameelekezwa upande sahihi kabisa, macho wazi, kwa faida ya nani hatujui. Walipovuka daraja, jua lilikuwa limelala juu ya mabati, na Rula hakuweza kuvumilia.

"Kaka, ndio hapa! Hapa hapa! Jukwaa kuu lipo vilevile na bati lake lenye kutu. Saa ya uwanja ipo. Imesimama, lakini ipo."

"Saa gani?" alisema Refa.

"Refa, nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Jukwaa gani unaloliona wewe? Mchoraji, samahani sana, lakini pale hakuna jukwaa. Pale kuna kifusi."

"Kifusi ni kile cha barabarani!"

"Cha barabarani kina viti ndani yake?"

"Milingoti ya goli je? Utakataa na milingoti? Ile myeupe, miwili, upande wa kusini! Kaka, goli la kusini limesimama, nakuapia."

"Zile ni nguzo za uzio."

"Ni milingoti!"

"Nguzo! Milingoti haina waya!"

Uwanja ulikuwa umeshapita. Nje kulikuwa na vichaka tu, na tangi la maji linakuja, lakini wao walikuwa wameshapanda jukwaani pao pa siku zote. Abiria walianza kugeuka.

"Wewe macho yako yalikuwa mabovu tangu zamani," Rula alifoka. "Ndiyo maana hata siku ile hukuona mpira ukivuka mstari!"

"Haukuvuka!"

"Ulivuka kwa nusu mita!"

"Nusu mita ni wewe! Nilikuwa nimenyooka na mstari, wewe ulikuwa unaning'inia juu ya mtu kama nguo kwenye kamba!"

"Kutoka juu ndiko kunakoonekana vizuri! Wavu ulitikisika!"

"Upepo!"

"Upepo gani unatikisa wavu mmoja ukauacha mwingine?"

Mtu mmoja kiti cha nyuma alicheka. Refa alikuwa ameshanyanyua kidole cha hukumu, na Rula ameshapanda juu ya kiti ili walingane, wakati kaka mtu alipopapasa, akampata mdogo wake gotini, akamvuta chini akae. Uso wake ulikuwa bado umeelekea dirishani, mahali ambapo kwake palikuwa peusi tangu saa kumi.

"Nyinyi mna macho manne, yote mazima," alisema, "na miaka thelathini na tatu hamjakubaliana goli moja lililopita mbele yenu. Haya, niambieni, mimi mwisho wa mwezi napoteza nini?"